Kikombe cha Kwanza

Miaka kumi na miwili Rudaina alifundisha Kiarabu na kutafsiri mahakamani huko Santiago, na ole wako umwombe akulainishie maneno. Haongezi neno la mtu, halipunguzi. Lakini siku Osvaldo, muuza vitambaa, alipokuja na dada zake kumposa, mkalimani alikuwa yeye mwenyewe. Ami yake Jiryis, aliyesafiri kutoka mji wao wa asili wa Beit Jala, Uarabuni, kwa shughuli hiyo, hakujua Kihispania. Osvaldo naye, mjukuu wa watu wa Beit Jala hiyohiyo, hakujua Kiarabu zaidi ya salamu.

Kahawa ikaletwa. Kwa desturi ya Beit Jala, mposaji haigusi mpaka akubaliwe. Osvaldo, koo limemkauka kwa woga, akaigugumia yote kabla hajasema lililomleta.

Ami Jiryis akakunja uso. "Kumbe huyu hana haja yoyote. Amekuja kunywa kahawa tu?"

Rudaina akamgeukia Osvaldo. "Ami anauliza kama uongezewe." Osvaldo akaitikia kwa kichwa. Kisha Rudaina akamwambia ami yake, "Anasema kikombe cha kwanza kilikuwa cha kiu tu. Haja yake iko kwenye cha pili."

"Amesema saa ngapi? Mbona sijamwona akifungua mdomo?"

Rudaina akainama, uso umemwiva kwa haya.

Mzee alimtazama kitambo, kisha akachukua birika, akamimina mwenyewe.

"Mwambie nimekubali, anywe. Na hilo, mwanangu, litafsiri kama lilivyo."