Mpira Mkononi

Stamen alipiga kwa mbwembwe. Mpira wa nane uligonga ukingo wa meza ukarudi, na ule mweupe ukatambaa polepole hadi kwenye shimo la kona, ukatumbukia. Klabu nzima ya biliadi ikaguna. Zdravka, mpinzani wake, alikuwa akiomba hilo lisitokee.

Kwa mtu mwingine, kwenye fainali ya kombe, ilikuwa zawadi. Kosa la mpinzani lilimpa haki ya kuuchukua mpira mweupe na kuuweka popote mezani, na ilibaki mipira miwili tu: wa nane, ambao lazima upigwe kwanza, karibu na shimo, na wa tisa, wa ushindi, nyuma yake. Katikati ya hiyo miwili palitosha mpira mmoja na upenyo mwembamba. Ukiuweka hapo, umemaliza mchezo. Ila ukigusa mpira mwingine wakati wa kuuweka, ni faulo, na ndiyo maana watu wote huinama kuutazama mkono wako.

Na mkono ndio uliomtisha. Tangu Pasaka ulikuwa ukitetemeka. Ukilala juu ya kitambaa cha meza ulitulia. Ukiwa hewani umeshika kitu, ulichezacheza kama jani. Wa baba yake ulianza hivyohivyo. Ralitsa, binti yake Zdravka, alimlisha babu yake kwa kijiko miaka mitatu. Angeuona mara moja akajua. Naye alikuwa ameketi hatua mbili kutoka mezani akibangua mbegu za alizeti, tiketi ya basi la Vienna imo mkobani. Alhamisi. Kazi aliyoihangaikia miaka miwili. Akijua, ataichana tiketi na kubaki hapa Pernik kumlisha mama naye.

Stamen akamviringishia ule mpira. "Chukua, dada. Leo nimeamka na roho nzuri."

Zdravka aliufunika kwa kiganja bila kuuinua. Ralitsa aliacha kubangua.

"Pale katikati, mama. Unangoja nini?"

Mkono ukiwa umelala kitambaani, aliuburuta mpira nyuma, mbali na ile miwili, hadi nyuma ya mstari wa kuanzia.

"Unaenda wapi?" Stamen alicheka. "Hiyo ni sheria ya baa za wazee. Kwenye ligi unaweka popote, hata mfukoni mwangu ukitaka."

"Mimi nilifundishwa nyuma ya mstari. Sadaka yako kaa nayo."

Watu walicheka. Ralitsa hakucheka. Kutoka pale mpira wa tisa uliuziba wa nane, ikambidi Zdravka apige kwa kuzungushia ukingoni. Alikosa kwa unywele. Stamen akaingiza wa nane, kisha wa tisa, na kombe likawa lake. Zdravka akavuta pumzi. Kombe na liende.

Kisha akamwona Stamen anazunguka meza, mkono mbele.

Alikuwa amesahau. Pale klabuni hakuna aliyeondoka bila kumpa mpinzani mkono, na asipotoa, Ralitsa atauliza kwa nini. Binti alikuwa tayari amesimama nyuma yake na makoti yao. Zdravka aliutoa.

Kicheko cha Stamen kilikatika. Aliuangalia mkono ule ndani ya wake, akautazama mstari wa kuanzia, akamtazama Zdravka usoni. Stamen akaongeza mkono wake wa pili juu, akaubana.

"Mikono ya barafu," alisema kwa sauti, akiisugua. "Ralitsa, mletee mama yako chai. Amecheza kama ng'ombe leo, ni baridi hii."

Ralitsa alisita, akaenda kaunta. Stamen hakuuachia mkono.

"Anaondoka lini?"

"Alhamisi."

"Basi Ijumaa saa mbili asubuhi nakupeleka kwa daktari. Usipokuwepo mlangoni, nampigia simu yeye."

Zdravka alitikisa kichwa kukubali. Ralitsa alikuwa anarudi, kikombe kimejaa hadi ukingoni.

"Weka mezani, mwanangu," alisema upesi. "Kwanza kipoe."