Matawi ya Tisa Desemba

"Moja, mbili. Moja, mbili. Essai!"

Sauti ilipenya ukutani kabla sijafumbua macho, ikafuatwa na gitaa la besi lililotikisa vikombe kwenye rafu. Clément alikuwa anajaribu bafle zake, zile spika kubwa anazozitoa nje ya baa kila sikukuu. Sikuhitaji kumuuliza mtu tarehe. Katika mtaa wetu wa Katuba, tarehe tisa Desemba ni siku ya Clément. Siku hiyo kaka yake, marehemu Mwansa, alipiga kwa mara ya kwanza ule wimbo ambao baadaye ulichezwa kwenye harusi zote za Lubumbashi. Hata baa ameiita Tisa Desemba, kwa herufi za manjano ukutani. Waulize watoto wa mtaa tarehe hiyo ina nini, watakuimbia kiitikio.

Wimbo ni mzuri. Mimi mwenyewe nimeucheza mpaka viatu vikaachia soli. Lakini chumba cha pili, upande wa ukuta huohuo, alikuwa anakaa nkambo wangu Victorine, bibi yangu mzaa mama, na yeye tarehe hiyo aliijua kwa jina lingine.

Tarehe tisa Desemba 1941, mji huu ukiitwa bado Élisabethville, wafanyakazi wa migodi waliogoma kwa ajili ya mshahara walikusanyika kwenye kiwanja cha mpira. Askari wa wakoloni wakawamiminia risasi. Baba yake Nkambo, Banza Kalenga, alikuwa mmoja wa waliouawa. Nkambo alikuwa mtoto mchanga mgongoni mwa mama yake. Maiti hawakupewa. Kilio hakikufanyika, maana aliyelia kwa sauti kwenye kambi ya wafanyakazi siku zile alijionyesha kuwa ni mtu wa mgomo. Mama yake alilia ameuma kitenge. Na kwetu, mtu asiyeliliwa bado yuko njiani.

Nilimkuta Nkambo amekaa ukingoni mwa kitanda, mkono juu ya kifua. Mwaka huu moyo wake umechoka. Hata kwenda kanisani amekatazwa.

"Banaanza," alisema.

"Nimesikia, Nkambo."

"Elisée, miye sitafika Desemba ingine. Nitamukuta baba yangu kule. Ataniuliza: ninyi mulinililia siku gani? Nitamujibu nini?"

Nilichukua panga nikatoka.

Nyuma ya nyumba tuna mparachichi. Nilikata matawi mabichi, yenye majani mengi, nikayaburuta mpaka barabarani. Kila mtu hapa kwetu anajua matawi barabarani yanasema nini: nyumba hii ina msiba. Gari linapunguza mwendo, pikipiki inazimwa na kusukumwa kwa mkono, muziki unanyamaza mpaka wenye kilio waseme. Wengine huweka tawi moja upande wao, kwa adabu. Mimi niliziba barabara yote, kutoka lango letu mpaka mlango wa Clément. Nikawasha gogo uani, nikatandika mikeka, nikamtoa Nkambo na kiti chake na chai yake. Bafle zikanyamaza. Nilijiona jemadari.

Kitu kimoja sikukifikiria. Nyumba yenye mwanamke wa miaka themanini na nne, mgonjwa wa moyo, ikiwekewa matawi asubuhi, mtaa hauulizi nani amekufa.

Tuliwasikia kutoka mbali. Mama Albertine, kiongozi wa akina mama wa shirika letu la kanisa, alikuwa mbele, kitambaa kimefungwa kiunoni, mikono kichwani. "Mama Victorine eeh! Unatuacha na nani, Mama Victorine!" Nyuma yake wenzake wamebeba sufuria, unga wa bukari, ugali wetu, na mkungu wa ndizi. Wakaingia langoni wakilia hivyo, wakamkuta marehemu anakunywa chai.

Mama Albertine alipiga yowe la pili, la aina nyingine kabisa.

"Yesu wangu! Mama Victorine, njo weye, ni weye kweli?"

"Njo miye. Ikaleni ku mikeka. Mulikuwa munalia muzuri sana, musiache."

Mmoja aliangusha ndizi. Mwingine akaanza kucheka huku machozi bado yanamtiririka. Mama Albertine akanigeukia, macho makali.

"Elisée, unatuchezea? Nani alikufa hapa?"

"Baba yake Nkambo."

"Lini?"

"Mwaka wa arobaini na moja."

"Mwaka wa aroba..." Alikaa kwenye mkeka. "Eeh, ile habari ilikuya na miguu!"

Hawakuondoka. Walikuwa wameshalia, na sufuria zilikuwa zimeshafika. Nilipowaeleza, Mama Albertine aliacha kunitania, akavuta mkeka wake karibu na kiti cha Nkambo.

Ndipo Clément alipoingia. Clément ni mtu mkubwa, na siku hiyo alivaa fulana yenye picha ya Mwansa, uso wa kaka yake ukiwa umetanuka juu ya tumbo lake.

"Elisée! Toa zile majani! Bantu banatoka Ruashi, banatoka mupaka Karavia, banafika pale banaona matawi, banarudia! Nilifikiri ni Mama Victorine, nikazima kila kitu, nikalia hata, miye muzima! Sasa ninamuona iko anakunywa chai. Maiti iko wapi?"

"Ni ya baba yake Nkambo. Waulize askari waliomchukua mwaka wa arobaini na moja."

"Kilio bila maiti ni teatri, petit," alisema, akiniita mtoto.

"Na wewe? Kila mwaka unamchezea huyo marehemu ngoma juu ya kifua. Leo hupigi."

"Leo ni siku ya kaka yangu!"

Alitoka barabarani, akashika tawi la kwanza kulitupa. Nilisimama juu ya lile tawi. Alivuta, na mimi nikashika upande wangu nikavuta, na watu waliokuja kucheza wakatuzunguka. Wengine walianza kutushangilia kama timu mbili.

"Utavuta na mimi juu yake," nilimwambia. "Barabara hii leo ni ya Banza Kalenga."

"Tulizaliwa babili tu, miye na Mwansa," Clément alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nikiweka ule wimbo, ninasikia anapumua mbele ya kuimba. Siku moja tu mu mwaka. Unataka nizime ile pia?"

Miaka yote niliona bia na bafle. Kumbe na yeye alikuwa anafanya kilio. Lakini tawi sikuliachia. Sikujua kuliachia.

"Elisée. Acha hiyo."

Nkambo alikuwa amefika langoni, ameegemea bega la Mama Albertine.

"Nkambo, nataka wanyamaze kwa ajili ya..."

"Nani alikuambia ninataka kimya? Kimya tulipewa mingi. Mama yangu alikula kitenge kwa ile kimya. Clément, mutoto wangu, ile chuma yako ya kusemea, sauti yake inafika wapi?"

"Kama upepo iko muzuri, Mama, inafika mupaka ku soko."

"Leta."

Clément alinitazama, kisha akautazama uso wa kaka yake kwenye tumbo lake. Akaenda. Alirudi anavuta waya mrefu, akashika maikrofoni mwenyewe mbele ya mdomo wa Nkambo.

"Banza Kalenga," alisema Nkambo, na bafle zikalirusha jina juu ya mabati ya Katuba. Alishtuka kusikia lilivyokuwa kubwa. Akalirudia. "Banza Kalenga. Alitumika mu mugodi. Alisema mushahara haitoshi. Balimuua siku kama ya leo. Miye ni mutoto wake. Ninamulilia."

Akalia. Alilia kwa sauti yote, mbele ya maikrofoni, na akina mama wakampokea, na safari hii walijua wanamlilia nani. Wenye pikipiki walizima. Wachezaji walishusha chupa.

Mama Albertine akaomba kusema. "Kwetu pia, nkambo yetu alitoka ile asubuhi, hakurudia. Jina..." Alitikisa kichwa. "Jina hatukuambiwa. Bazazi baliogopa."

Ndipo mtu wa ofisi ya mtaa, Liévin, akapita katikati ya watu, simu mkononi. "Nani alitoa ruhusa? Hii inakuwa manifestation, maandamano. Kuziba njia, kusema maneno ya zamani ku bafle! Vunjeni sasa hivi."

Nkambo alijifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Mwaka ule mama yangu alikosa ruhusa ya kulia. Leo siiombi."

"Mama, miye ninasema tu..."

"Weye unasema. Clément, weka wimbo ya Mwansa. Alikuwa mutoto wangu pia, nilimufuta makamasi. Mwenye kilio ni miye, na ninaruhusu."

Clément aliweka. Besi ikaingia, akina mama wakaamka na nyuso zao zimelowa wakaanza kucheza polepole kuzunguka gogo, kama tunavyocheza vilioni. Liévin alipiga kelele ambayo hakuna aliyeisikia. Alipoona hivyo, akaja mpaka sikioni mwangu: mwakani, alisema, nisithubutu kuziba barabara hii tena.

Nkambo alikuwa amerudishwa kitini; nilipiga magoti mbele yake, lakini nilisema kwa nguvu, ili Liévin asikie, na Mama Albertine pia.

"Nkambo, mwakani hatutaziba hii barabara. Tarehe tisa Desemba nitapeleka matawi mpaka mlangoni pa kile kiwanja cha mpira walipouawa, mchana, watu wote wakiona. Nitamlilia baba yako kwa jina, na wa Mama Albertine nitamlilia bila jina mpaka tulipate. Uwepo, usiwepo. Watu waje, wasije. Nitaenda. Nakuapia, Nkambo, nitaenda."