Kodiani ya Nyumba ya Matanga

"Kodiani ile naijua hata nikiwa nimezikwa, Winnie, kwa hiyo usinifanye kiziwi mlangoni kwako."

Hivyo ndivyo nilivyowakuta. Nilikuwa natoka misa ya saa tano, koti jeusi nimelifunga mpaka shingoni, na kabla sijafika kwenye geti letu nikajua mtaa mzima umeshapata habari. Mapazia ya nyumba za ng'ambo yalikuwa yamesogezwa kidogo, kila moja upana wa jicho. Bi Concepta Durkan, jirani yetu wa ukuta mmoja, alikuwa amesimama kizingitini kwetu na aproni yake ya Jumapili, kisu cha kumenyea viazi kikiwa mkononi bila mwenyewe kukumbuka. Mama yangu alikuwa ndani ya mlango, mikono ameikunja kifuani, ametulia kama mtu anayengoja basi.

"Mwezi wa tano huu," Bi Durkan alisema. "Mattie hajamaliza hata nusu mwaka chini ya udongo. Na kodiani yake inalia ndani ya nyumba yake mchana kweupe, dirisha wazi, sisi tunamenya viazi. Binti yako hana haya?"

"Binti yangu yupi?" Mama akauliza.

"Unao wangapi? Huyo Attracta. Huyo na bendi yake ya wendawazimu."

"Bendi ambayo mwimbaji wake ni mwanao."

"Wangu simtetei. Ila wangu hakuzika baba mwezi wa kwanza."

Nikasema, "Habari za mchana, Bi Durkan," kwa sababu nililelewa hivyo. Akageuka. Akaniangalia kuanzia viatu vya kanisani mpaka karatasi ya matangazo ya parokia niliyokuwa nimeishika, na nikaona uso wake unapiga hesabu na hesabu inakataa.

Kwetu, na nikisema kwetu nina maana ya Sligo kule Ireland walikotoka wazazi wangu na Cricklewood ya London walikohamia na mambo yao yote, nyumba ikifiwa hunyamaza. Redio hufunikwa kitambaa. Chombo cha muziki hufungwa ndani ya sanduku lake na kupandishwa juu ya kabati, na hakishuki mpaka misa ya mwaka isomwe. Hakuna aliyewahi kuiandika sheria hiyo, na padri mwenyewe haitaji. Lakini ukiivunja, utasemwa kuanzia Kilburn, mtaa wa jirani, na maneno yatafika Sligo kabla ya meli.

Baba yangu aliishika. Mama yake alipofariki, kumbi za dansi za Wairishi zilikuwa zinajaa mpaka watu wanacheza barabarani, na yeye alikuwa na kiti chake jukwaani. Akaipandisha kodiani juu ya kabati. Alipoishusha, kiti kilikuwa na mtu mwingine, na kikabaki na huyo mtu. Sikuwahi kumsikia akilalamika. Alichimba mahandaki ya treni siku zote za kazi, akarudi nyumbani na udongo masikioni, na jioni akapiga jikoni kwetu, majirani wakija mmoja mmoja na kikombe chake mpaka hapakuwa na pa kuweka mguu. Nimekulia katika nyumba iliyojaa watu. Ndiyo maana ile miezi ya kimya ilinikaa vibaya kuliko kifo chenyewe. Nilikuwa naweza kumsikia Bi Durkan akikohoa ng'ambo ya ukuta.

Bendi yetu iliitwa Sululu. Mimi na Fintan Durkan tulikua pamoja mtaa huo huo. Shuleni watoto wa Kiingereza waliwacheka wazazi wetu wanavyozungumza, na nyumbani wazazi wetu wakatucheka sisi. Fintan alikuwa anaimba na vijana wale wa pini masikioni, nyimbo za dakika mbili za kumtukana kila mtu. Mimi nilikuwa na kodiani ya baba na nyimbo za baba. Siku moja ya mvua, kwenye gereji nyuma ya bucha, alikuwa anapiga kelele na mimi nikampigia kodiani juu ya kelele zake, kwa makusudi ya kumuudhi. Akaongeza mwendo. Nikaongeza. Mpiga ngoma akaingia katikati kama mtu anayeamua ugomvi. Tuliposimama, hakuna aliyekuwa ameudhika.

Mara ya kwanza kupiga mbele ya watu ilikuwa chumba cha nyuma cha baa, na watu wenyewe walikuwa vibarua waliokuja moja kwa moja kutoka kazini, saruji imekauka kwenye buti. Walitusikiliza kama wanavyosikiliza polisi. Kisha mzee mmoja wa Mayo, jirani na Sligo, akasema kwa sauti, "Hawa watoto wanapiga kana kwamba gari la kazi linawaacha." Watu wakacheka. Yule mzee akavua kofia, akampa mwenzake amshikie, akaingia kucheza, na baada ya hapo chumba kile hakikututosha tena.

Baba alikuja mara moja tu. Alisimama nyuma kabisa na suti yake ya misa, hakunywa, hakupiga makofi. Njiani tukirudi alisema, "Mnakimbia sana." Tukapita taa mbili za barabarani. "Lakini mnakimbia pamoja."

Mwezi wa kwanza kifua chake kikamshinda. Niliipandisha kodiani juu ya kabati mimi mwenyewe, na wiki chache baadaye ikaja habari tuliyokuwa tukiiota: kampuni moja ya santuri ilikuwa tayari kuturekodi mwezi wa sita, halafu ziara ya Ulaya nzima. Mwezi wa sita, si mwakani. Bendi zenye gitaa na hasira zilikuwa tele London. Walichokitaka kwetu kilikuwa juu ya kabati.

Fintan alikuja jikoni kwetu. Alikaa kwenye kiti cha baba, akashtuka, akahamia kingine. Alikuwa anaizungusha pini ya sikioni kama saa inayotiwa ufunguo.

"Sijaja kukuomba," alisema.

"Umekuja kuniomba."

"Basi nakuomba."

"Mtafuteni mpiga kodiani mwingine."

"Nyimbo ni za mzee wako, we Attracta. Nani mwingine anajua zinapopinda?"

"Ni mwaka, Fintan."

Hakubisha. Kama kuna mtu aliyejua maana ya mwaka, ni yeye. Baba yake alipoanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, Fintan alikuwa mtoto, na alikuwa akipiga filimbi ya bati vizuri kiasi kwamba watu waliokuwa wakipita walisimama kuegemea ukuta wao. Mama yake aliichukua filimbi ile akaiweka juu ya kabati. Mwaka ukaisha; filimbi haikushuka. Ukapita mwingine, na mtoto akaacha kuuliza. Aliwahi kuniambia ndani ya gari, akicheka, "Ndiyo maana napiga kelele. Mdomo ulikosa kazi."

Mama alikuwa anatumiminia chai, mgongo ametugeuzia. Alisikia yote. Alichosema ni, "Kunyweni, inapoa."

Sasa rudi mlangoni, Jumapili ile.

"Kama si huyu," Bi Durkan alisema, polepole, kisu kikinielekea kama kidole, "nani basi aliyepiga? Mattie?"

"Mimi," Mama alisema.

Nusura nicheke. Mama yangu na kodiani ile walikuwa wameishi nyumba moja kama wake wenza, kwa heshima na kwa mbali. Aliifuta vumbi. Sikuwahi kuona kidole chake kikigusa kitufe.

"Wewe hujui hata inapofunguliwa," Bi Durkan alisema.

"Ilikuwa ya kaka yangu. Niliipiga kabla Mattie hajajua jina langu." Mama alikuwa anamweleza jirani, lakini macho yalikuwa kwangu. "Tulipooana tukawa wapigaji wawili na kodiani moja. Basi mimi nikaenda jikoni."

Ng'ambo ya barabara pazia moja liliachiwa, likashikwa tena.

"Nimepiga vibaya," Mama akaendelea. "Vidole vimekuwa viazi. Lakini nimepiga. Attracta nimemtuma misa peke yake, nikamwambia kichwa kinaniuma. Dirisha nimelifungua mwenyewe, na sikugusa kitufe mpaka nilipokuona umesimama kwenye sinki lako."

"Ulikuwa unaningoja mimi?"

"Nani mwingine angeeneza habari mtaa mzima kabla viazi havijachemka?"

Mahali pengine, siku nyingine, Bi Durkan angechukia.

"Sasa waambie," Mama alisema. "Waambie mjane wa Mattie Kilcoyne ndiye aliyeufungua mwaka wa matanga kabla ya wakati. Si mtoto. Mtoto alikuwa kanisani, na umemwona anarudi. Amekuta umeshafunguliwa."

Ndipo nilipoelewa. Nilikuwa nimeshika geti, na nakumbuka rangi yake iliyobanduka ilivyonikwaruza kiganja. Mama yangu hakuwa mtu wa kusemwa. Alikuwa na nafasi yake kanisani, benchi la tatu, na wanawake waliomwachia nafasi hiyo hata akichelewa. Aliijua bei ya alichokifanya kuliko mimi nilivyoijua. Baada ya siku ile wawili kati yao walihamia benchi jingine, na dada yake wa Sligo hakupiga simu mpaka Krismasi. Mama hakujitetea kwa yeyote. Ukimuuliza, alikuwa anasema, "Nilikuwa na hamu ya muziki," kama mtu aliyekutwa anakula keki.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Pale mlangoni, Bi Durkan alishusha mkono. Sauti iliyomtoka haikuwa ile ya kusikilizwa na mtaa.

"Kwa hiyo inawezekana tu," alisema. "Mtu anafungua dirisha. Basi."

"Haikuwa basi, Concepta."

"Mimi nilimnyang'anya mtoto filimbi."

"Najua."

"Nilisema mwaka mmoja. Mwaka ulipoisha nikaogopa. Niliona akiipiga tena, nyumba itakuwa imezoea kuishi bila baba yake." Akaangalia kisu, kana kwamba ndiyo kwanza anakiona. "Leo niliposikia kodiani nimekimbilia kwenu na maneno yote haya, na kumbe nilikuwa natafuta mtu wa kuniambia nilifanya sawa."

"Iko wapi?" Mama aliuliza.

"Juu ya kabati. Pale pale. Naifuta vumbi kila Jumamosi."

Tulirekodi mwezi wa sita. Wanaotufahamu wanajua yaliyofuata, na wasiotufahamu hawajakosa mengi: santuri tatu, gari bovu lililotuzungusha Ujerumani katika theluji, ukumbi wa Boston ambako wanaume wazima, waliozaliwa huko na baba waliozaliwa huko, walilia bia zikiwatiririka kichwani kwa nyimbo zilizotoka jikoni kwetu. Tuligombana sana na kupatana sana. Hatukumalizwa na ugomvi. Mpiga ngoma alipata mapacha, na koo la Fintan, ambalo alilitumia kama ngazi ya kazini, likaanza kutoa damu. Tulipiga mara ya mwisho Kilburn, mchana wa sikukuu, ukumbi umejaa mpaka madirisha yanatoka jasho, na niliwaona mama zetu wawili kwenye viti vya nyuma, vidole vimeziba masikio, wanasengenya.

Watu wakinisimamisha siku hizi huuliza jambo moja. Kwenye santuri ya pili, kabla kelele hazijaanza, kuna filimbi ya bati peke yake, wimbo wa taratibu, na katikati pumzi inakatika kidogo halafu inarudi. Huuliza tulimkodi nani. Fundi wa studio alitaka sehemu hiyo irudiwe. Fintan alikataa. Alisema imechukua miaka mingi kufika pale, haiwezi kuja mara mbili.

Mimi nina swali langu, na halina santuri. Sikuwahi kumsikia mama yangu akipiga. Asubuhi ya siku iliyofuata aliniwekea kodiani mapajani, akafunga dirisha, na hakuigusa tena mpaka tulipomzika. Alipiga mara moja katika umri wangu wote, na mimi nilikuwa kanisani. Aliyemsikia ni Bi Durkan peke yake. Nilimuuliza mara nyingi, mpaka uzeeni kwake, ulikuwa wimbo gani. Alinitajia huu, akanitajia ule. Mwishoni alisema jina halijui, ila mama yangu alipiga polepole, akarudia mwanzo mara nyingi, kama mtu anayepapasa ukuta gizani akitafuta swichi ya taa.

Nikiikumbuka Sululu, basi, sikumbuki Boston kwanza. Namkumbuka Bi Durkan kizingitini, kisu cha viazi kikiwa mkononi, na mama yangu akimwangalia kwa muda, halafu akiangalia mapazia ya ng'ambo, moja baada ya jingine, bila haraka.

"Viazi vyako viko motoni?" Mama alimuuliza.

"Hata kumenya sijamaliza."

"Basi viache. Vyangu vimeiva. Attracta, nenda kamwite Fintan."

"Sitaki kukusumbua, Winnie. Nitapita uani."

"Uani hapana." Mama alifungua mlango wote mpaka ukagonga ukuta, akasogea pembeni. "Pita hapa mbele, wakuone. Nyama na kabichi vinapoa."