Zamu za Kifua cha Fundi

Jumatatu saa nne asubuhi fundi cherehani alikuwa wa tano kwenye benchi la hospitali, kadi mkononi, alipoinama mbele kama mtu aliyeangusha sindano, akaenda chini mzimamzima. Muuguzi wa zamu alikuwa anampima mtu presha. Aliacha kila kitu akapiga magoti. Fundi hapumui, na shingoni hakuna pigo. Muuguzi akaweka viganja katikati ya kifua, akaanza kukandamiza kwa nguvu na haraka, bila kuremba.

Kwenye mkandamizo wa thelathini fundi alifumbua macho.

"Dada, shati hili nimelipiga pasi leo."

"Nisamehe, baba," muuguzi alisema, akaendelea.

Muuguzi na mfagizi wa wodi walimpandisha kitandani wakamfunga nyaya za kipimo cha moyo. Mstari kwenye skrini ulitetemeka ovyo. Muuguzi aliujua: moyo unatapatapa tu, hausukumi damu, na dawa yake ni shoti ya umeme, tena mapema. Kila dakika mbili walipobadilishana, fundi alikatika katikati ya neno, midomo ikaingia ubuluu; mikono ikirudi kifuani, alimalizia neno lilelile. Mkewe alipofika alionyeshwa pa kuweka viganja, akapewa zamu kati ya muuguzi na mfagizi.

Mashine ya kushtua moyo ilikuwepo. Ilikaa kwenye kabati la kioo ng'ambo ya ukumbi, ndani ya nailoni yake, na utepe wa siku ilipokabidhiwa. Ufunguo alikuwa nao mkuu wa hospitali, mtu mpole, asiyepandisha sauti. Alikuja na fomu.

"Hapa pameandikwa mgonjwa asiye na fahamu," alisema. "Huyu anaongea."

"Naongea kwa mikono ya watu, mkuu," fundi alisema.

"Ijumaa tuna wakaguzi. Nikichana nailoni bila sababu, nitawajibu nini? Subira huvuta heri."

Muuguzi alisubiri zamu yake, akakandamiza kidogo, kisha akainua viganja.

"Mke wangu, ile suruali ya—" fundi alisema, akanyamaza.

Mkuu akatoa kalamu. Aliuliza jina kamili, umri, mtaa. Aliuliza saa aliyopoteza fahamu.

"Sasa hivi," muuguzi alisema.

Mkuu akatazama saa yake, akaandika. Kalamu ikagoma, akaikung'uta. Muuguzi alikuwa anahesabu kimoyomoyo, na kila sekunde ilimkata maini. Alifika thelathini, alifika hamsini. Uso wa fundi ulishaanza kuwa wa kijivu.

"Kuna sehemu ya shahidi," mkuu alisema, akigeuza ukurasa. Ukurasa wa pili ulikuwa na mistari kumi na minne.

Kwenye sekunde ya sabini mke alimsukuma muuguzi pembeni, akaweka viganja vyake mwenyewe.

"—mwalimu, pindo lake bado," fundi alimalizia.

Mkuu akafunika kalamu. "Mnaona? Amezinduka." Akaikunja fomu vizuri, asije akaharibu karatasi, akaondoka nayo.

Muuguzi alitoka hadi ukumbini akalia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Kisha akarudi, maana zamu yake ilikuwa imekaribia.

Ijumaa wakaguzi walikuja wawili. Walizunguka kabati, wakaandika kwamba mashine ipo na ni mpya kabisa. Wodini walimkuta fundi akikandamizwa na mfagizi, wakampa pole. Ratiba ya zamu ilikuwa imebandikwa ukutani, mwezi mzima, na mkaguzi mkubwa alisifu mwandiko.

"Koti lako bega moja limeshuka," fundi alimwambia. "Uniletee nikipona."

"Nitaleta," mkaguzi alisema, naye alikuwa anasema kweli.

Walipoondoka, mkuu alimtuma mfagizi akafute alama za vidole kwenye kioo cha kabati. Mke akashika zamu. Viganja vyake vilikuwa vimevimba tangu Jumatano.

"Mmechoka," fundi alisema.

"Nani kakwambia? Hatujachoka."

Miaka ishirini na sita ya ndoa ilimfundisha fundi kuujua uongo wake. Aliangalia saa ya ukutani. Dakika mbili zilipokaribia kutimia, na muuguzi akisogea kupokea, alifumba macho mwenyewe mapema, ili mkewe asione yanavyojifumba yenyewe.