Kamba Tatu au Saba

"Tatu," alisema Nufayl mpima ardhi, akikung'uta vumbi mikononi. "Shamba lako, Mama Usama, linagusa mfereji kwa kamba tatu, halafu linaingia ndani kamba saba."

Harthama, jirani wa Mama Usama, hakungoja la pili. Alikita kigingi palepale kwenye kamba ya tatu, ili mfereji uliosalia uwe wake.

Mama Usama alikitazama kile kigingi. Ujane ulimwacha agombee ardhi peke yake, baada ya gharika ya mto Hidekeli kufuta mipaka yote. Kijiji kizima kilikubaliana mambo mawili tu: uzio wa matete wa marehemu mumewe ulizunguka kamba ishirini, na eneo lake lilikuwa kamba za mraba ishirini na moja. Kule ndani ni chumvi tupu. Mitende isiyopata mfereji ni kuni.

"Ustadh, umefikaje hapo?"

Nufayl alipenda kuulizwa, maskini. Akachuchumaa, akachora vumbini. "Nusu ya mzunguko ni kumi, yaani upana na urefu pamoja. Nusu yake tano. Tano mara tano, ishirini na tano. Toa eneo, zinabaki nne, nazo ni mbili mara mbili. Sasa ile tano ipunguze mbili: tatu. Mwalimu wetu alisema, punguza kwanza, ukikwama ndipo uongeze. Sikukwama."

"Na ungeongeza?"

"Ningepata..." Kidole kikasimama. "Saba."

"Saba nayo ni kosa?"

Nufayl aliirudia hesabu vumbini. Miaka yote ya kazi yake aliridhika na jibu la kwanza, akafunga kamba zake akaenda zake. Aibu ikampanda hadi masikioni. Ni mashamba ya nani mengine aliyoyapima hivyo?

"Wallahi si kosa," alisema. "Zote mbili ni sahihi."

Harthama akacheka hadi akashika mbavu. "Hesabu gani hiyo, mzee, isiyojua inachosema? Kigingi kimeshaingia!"

"Imesema mawili. Lipi ndilo, ardhi inajua. Si kila mtu hapa huzika tofali la kuchoma kwenye pembe ya shamba lake?"

"Tope limefika kiunoni! Utachimba mfereji mzima?"

"Sehemu mbili tu," alisema Nufayl. Akahesabu kamba kutoka kwenye lango la maji, shamba linapoanzia, akapita kigingi, akasimama kwenye ya saba na jembe lake.

"Hapo usichimbe," alisema Harthama.

"Kwa nini?"

"Utajichosha bure."

"Basi nianzie kwenye tatu?"

Mama Usama akamnyang'anya mzee jembe, akaanza kuchimba mwenyewe kwenye ya saba, shungi likimwanguka mabegani. Akachimba, akachimba, tope tupu. Hakusimama hata kupumzika.

Harthama akamsogelea.

"Kushoto kidogo, shemeji," alisema hatimaye. "Tofali tulilizika pamoja, mimi na marehemu."

Mama Usama akasogea kushoto, akainua jembe.