Diski ya Zamani Niachie Mwenyewe

Mimi nikikasirika sina breki, na Kashaulili nzima wanalijua hilo. Kwa hiyo siku Eufrazia alipofuata karatasi yake dukani kwangu, na kompyuta ikaniambia karatasi haipo, sikulia wala sikusali. Nilitafuta mtu wa kumgombeza.

Ngoja nianze na kompyuta yenyewe. Nina steshenari karibu na soko: nachapa barua, natoa kopi, naskani vyeti vya watu. Kompyuta yangu ya mezani ilikuwa na miaka kumi na miwili. Ukiiwasha unaenda kununua chapati, unarudi, bado inazungusha kile kiduara chake. Nilivumilia mpaka tovuti za maombi ya vyuo zikaanza kuikataa, eti imezeeka, na wanafunzi wakawa wananipita kwenda kwa Bernadetha mtaa wa pili. Hapo ndipo nikamwita Mabula, fundi wa kule mtaa wa Shanwe. Ni Msukuma mmoja mpole mpaka anakera. Akaifungua, akapuliza vumbi, akasema bado nzima: tubadilishe diski, tuongeze ram, tuweke Windows mpya, itakimbia. Ila kwanza tuhamishe mafaili yako yaliyo kwenye diski ya zamani.

Sasa mimi na mafundi hatupatani. Kuna mmoja aliwahi kunirudishia printa ameibadilisha matumbo yote. Tangu hapo nikaapa. Nikamwambia Mabula mafaili yangu nahamisha mwenyewe, yana siri za watu, na diski ya zamani akishaitoa aniachie hapa hapa mezani, asinione bwege. Akaniuliza kama najua kuhamisha. Jamani! Mtu ananiuliza mimi, niliyeanza kuchapa barua za mji huu yeye hajaoa! Nikamwambia ashughulike na bisibisi yake.

Nikachomeka flashi. Pale kwenye kioo cha kompyuta nilikuwa na alama za mafolda yangu yote: Vyeti, Barua, Mihtasari. Nikazichagua zote, nikakopi. Ilichukua kufumba na kufumbua, nikasema hii flashi ni kiboko. Mabula alipoinama aangalie, nikaichomoa nikaitia kwenye pochi. Akafanya kazi yake kimya kimya, na diski ya zamani akaniwekea mezani kama nilivyoagiza. Kompyuta kweli ikawa inawaka kabla sijakaa sawa kwenye kiti. Ile diski nzito nikaiweka juu ya karatasi za wateja, feni isizipeperushe.

Wiki tatu nilitamba. Kazi zilikuwa mpya, hakuna aliyeulizia za zamani. Halafu Jumanne ndiyo akaja Eufrazia.

Huyu mama ni mjane, ametoka Kasekese alfajiri. Mumewe alipofariki, miaka sita iliyopita, ukoo ulikaa ukaandika kwamba shamba la mpunga linabaki kwa Eufrazia na wanawe. Muhtasari wa kikao hicho nilichapa mimi. Wazee wote walitia dole gumba, na shemeji yake Alois naye akatia. Walipomaliza nikauskani, maana ndiyo tabia yangu. Nakala moja alikaa nayo Alois, nyingine Eufrazia, na ya Eufrazia mchwa waliila ndani ya sanduku. Msimu huu Alois ameingiza ng'ombe wake kulima shamba lile, na mdomo wazi anasema hakijawahi kukaa kikao chochote. Baraza la ardhi lilikuwa likae Alhamisi ya wiki hiyo hiyo. Yaani yule mama alibaki na tegemeo moja tu, nalo lilikuwa kompyuta yangu.

Nikachomeka flashi. Folda la Mihtasari lilikuwepo, na kimshale kidogo pembeni ambacho sikuwahi kukijali. Nikalibofya. Ikaniambia kinachotafutwa hakipo. Nikabofya Barua, nikabofya Vyeti, yale yale. Eufrazia alikuwa ananiangalia usoni, siyo kwenye kioo.

“Binti yangu, imepotea?”

Damu ilikuwa imeshapanda kichwani. Nikamwambia asubiri, nikadaka bodaboda, huyo Shanwe.

Mabula alikuwa kibarazani kwake na wateja watatu, na hapo hapo anakaa fundi cherehani, Generosa, mwanamke asiyepitwa na habari. Nilisimama katikati nikampa Mabula vidonge vyake. Nikasema ni mwizi. Nikasema amefuta kazi zangu za miaka kumi na miwili kwa makusudi. Nikaona haitoshi, nikasema Alois wa Kasekese amemhonga ili mjane anyang'anywe shamba, na watoto wale wakilala njaa iwe juu yake. Alois mwenyewe Mabula hamjui hata kwa sura. Alisema mara mbili, “Mama Alex, ngoja kwanza,” na mara zote mbili nilimkata. Mteja mmoja akachukua simu yake iliyokuwa mezani bado haijatengenezwa, akaondoka nayo. Nikaona sawa, na wengine waige.

Nikarudi dukani nimefura. Eufrazia alikuwa pale pale kwenye benchi. Nikamwambia mwizi nimeshamkomesha, hatanisahau.

“Na karatasi?” akauliza.

Swali hilo likanikasirisha zaidi.

Haikupita muda Mabula akaingia. Mimi hakunisalimia. Alimwamkia Eufrazia shikamoo, akavuta kiti, akaomba flashi, akaiangalia mara moja tu. Akanieleza taratibu, bila kuninyanyulia sauti, kwamba nilichokopi ni alama za kuonyesha njia, zenye vimshale. Mafaili yenyewe sikuyagusa hata moja. Siku ile alipoinama alitaka kuona uzito wa nilichokopi, ajue kama ni mafaili kweli. Sikumpa nafasi.

Nikamwuliza, sasa mafaili yako wapi. Akaangaza macho mezani. Halafu akanyoosha mkono akaiinua ile diski ya zamani, na karatasi zote zikapeperuka mpaka barabarani.

Sikuzifuata. Nilikaa nikaangalia anavyoiunganisha kwa waya, na miaka yangu kumi na miwili ikajipanga kwenye kioo, hakuna kilichokosekana. Folda la Mihtasari likafunguka. Muhtasari ukatokea, na dole gumba la Alois pale chini, jina lake pembeni kwa herufi nilizochapa mimi. Eufrazia aligusa kioo kwa kidole, palepale penye lile dole, akakaa hivyo. Nikamtolea kopi tano, nikazitia kwenye bahasha ya plastiki. Alitushukuru wote wawili sawasawa, na hilo lilinichoma.

Alipoondoka nikafungua droo nimlipe Mabula. Kwangu mimi niliona hiyo ndiyo samahani yenyewe.

“Hela yako sitaki,” akasema. “Uje kibarazani kwangu, useme ulichokosea. Kwa sauti ile ile.”

Akachukua bisibisi yake akaenda zake.

Nilikasirika upya, jamani. Nilikasirika mpaka nikafunga duka saa nane mchana. Huyu nani wa kunipangia sauti? Nilikuwa tayari kumwomba radhi kwa simu, tena vizuri tu. Lakini kila nikitaka kumtukana nilimwona yule mteja akiondoka na simu yake mbovu mkononi. Na yule mkosaji niliyetaka kumkomesha siku nzima kumbe ni mimi, nimekaa kwenye kiti changu mwenyewe.

Nikaenda kwa miguu, nife njiani basi. Sikufa. Pale kibarazani walikuwa wamekaa wengi kuliko asubuhi, maana habari zilishafika. Generosa ndiye aliyeniona kwanza. Akaondoa miguu kwenye pedali ya cherehani, ili asikie vizuri.