Walubengo Hataki Kuandikwa Old

Kiingereza chote alichokuwa nacho Walubengo kilikuwa neno moja, nalo lilikuwa limemkosesha raha wiki nzima. Old. Alijifunza kwa ng'ombe. Kila mwaka Bwana Kofia, mzungu mwenye shamba pale Soy, alipita zizini na karani wake Phineas, akamgusa maksai mmoja mgongoni, akasema "old". Phineas akaandika, na kesho yake maksai huyo akaswagwa kwenda kwa muuza nyama Eldoret. Ajabu, Bwana Kofia huyo huyo akikutana na mzungu mwenzake stesheni, ni "old man, old man", wanapigana mabega na kucheka. Hata pombe yake akiisifu, ni old. Haya, neno tamu kwa wenye shamba, kisu kwa wanaovuta plau. Walubengo hakuhitaji mwalimu wa kumwambia yeye yuko upande gani.

Sasa Bwana Kofia alikuwa ametangaza kwamba Jumatatu atakagua watu. Atakayeandikwa old ahame na mke wake na ng'ombe wake ndani ya wiki mbili. Ahame aende wapi, jamani? Walubengo alikuwa ameendesha maksai shamba hilo miaka kumi na minane. Kule Kimilili ndugu zake walishagawana ardhi ya baba yao zamani, na mkewe Nabwire alikuwa na mguu mbovu, hata kisimani alifika kwa taabu.

Jumatatu asubuhi alichanganya masizi na mafuta akajipaka kichwani.

"Baba Nasambu! Umejigeuza sufuria?" Nabwire alisema, lakini hakucheka. Naye alikuwa anaogopa.

Watu walipanga mstari mbele ya ghala. Walubengo alikuwa amejiandaa kusema ana miaka thelathini na tano. Kumbe Phineas, Mbukusu mwenzao aliyesomea misheni, alikuwa amemfunulia Bwana siri: hawa hawahesabu miaka, waulize rika walilotahiriwa nalo. Na kila mtu athibitishwe na bakoki wake, yaani mwenzake wa rika moja.

Watu wa rika la Kolongolo wakaanza kusukumwa kando, mmoja mmoja, na Phineas akiandika lile neno. Walubengo alikuwa Kolongolo.

"Mzee Walubengo, rika lako?"

"Kikwameti," akasema.

Rika zima la chini yake! Watu wakamgeukia. Mwanaume hadanganyi rika, hata akiwa mlevi.

"Bakoki wako hapa ni nani?"

Mkikwameti aliyekuwepo alikuwa mmoja tu, Khisa, mume wa binti yake Nasambu. Walubengo hakuwa amelifikiria hilo hata kidogo. Khisa akamtazama mkwe wake, akaona masizi yanavyomtiririka shingoni kwa jasho. Bwana Kofia akapiga kiboko kwenye buti lake.

"Ni bakoki wangu," Khisa akasema, akainamisha kichwa.

Walubengo alirudi nyumbani karibu akimbie. Alikula ugali wote, akaomba mwingine. Alikuwa bado ananawa mikono Nasambu alipoingia, mtoto mgongoni, blanketi kichwani.

"Mumeo amekupiga?" Nabwire akauliza.

"Hajanipiga, mama. Amekaa nyuma ya nyumba analia." Akamgeukia baba yake. "Anasema umekuwa bakoki wake mbele ya watu. Mtoto wa bakoki ni mtoto wako. Hawezi kulala na mtoto wake, baba."

"Aah, hayo yalikuwa ya mzungu tu!"

"Kutahiriwa nako ni kwa mzungu?"

Walubengo akaacha kunawa. Alimwangalia mjukuu wake mgongoni pale, amelala fofofo, na woga uliomshika sasa ukaufanya ule wa asubuhi uwe mchezo. Wamwite nani huyu mtoto, aliyezaliwa na baba na binti yake? Nani atamtahiri?

"Nabwire, funga mizigo," akasema, akatoka mbio bila kofia wala fimbo.

Alimkuta Phineas ghalani akifunga daftari.

"Karani, futa. Mimi ni Kolongolo."

"Mzee, usijiue. Bwana akishaliona jina lako na lile neno, hata nikipiga magoti haitasaidia. Na mguu wa Mama je?"

"Nitambeba. Andika, nione ukiandika. Halafu piga kengele."

"Kengele ya nini saa hii?"

"Watu waje. Walinisikia asubuhi, wanisikie tena, na Khisa awe hapo mbele."

Phineas alisita. Walubengo akaivuta kamba ya kengele mwenyewe, kwa mikono yote miwili, na watu wakaanza kuja kutoka mashambani.